Wamarekani wengi wanataka wahamiaji wapewe uraia, mbona Kongresi yao haipitishi?

#1 Kinyonga wa Tanga (mleta mada)

Salaam wakuu.

Gallup, shirika la kupima maoni ya watu, walipowauliza Wamarekani mwaka 2025 kama wahamiaji wasio na makaratasi wapewe nafasi ya kuwa raia wakitimiza masharti, asilimia 78 walikubali. Mwaka mmoja nyuma ilikuwa asilimia 70, tena kipindi kile watu walikuwa wamechukia kweli hali ya mpakani. Yaani hata hasira zikipanda, wengi bado wanakubali.

Sasa njoo kwenye sheria. Mara ya mwisho Kongresi kuhalalisha watu kwa mkupuo mkubwa ni 1986, Reagan akasaini, watu kama milioni 2.7 wakapata makaratasi. Tangu hapo ni maneno tu. Muswada wa 2007 ulikufa, wa 2013 ukapigwa chini Seneti, wa 2024 hata mjadala haukuanza.

Nasema hivi: kwenye uhamiaji, maoni ya wananchi hayaendeshi kura ya mbunge wa Marekani hata kidogo. Anayebisha alete hoja, matusi aache getini.

#2 Nyundo ya Mwanza

Pesa. Funga uzi.

#3 Bi Tausi

Usifungwe bwana, ndo kwanza nimekaa na karanga zangu.

#4 Mzee wa Faili

Mleta mada, tuanze na kusahihisha. Muswada wa 2013 haukupigwa chini Seneti. Ulipita kwa kishindo, 68 kwa 32, tarehe 27 Juni 2013. Wademokrati wote waliunga mkono, na Warepublikan 14 juu yake. Ulifia Baraza la Wawakilishi, na huko haukupigiwa kura kabisa. Spika John Boehner hakuuleta. Tofauti hiyo si ndogo, maana mbunge hawezi kuulizwa jimboni kuhusu kura ambayo hakuwahi kuipiga.

Kwa nini hakuuleta? Warepublikan wana desturi isiyoandikwa popote: Spika haleti muswada ambao wengi ndani ya chama chake hawautaki, hata kama ukiwajumlisha na wapinzani kura zinatosha na chenji inabaki. Na hao wengi wa chama wanatoka majimbo ambayo kwenye uchaguzi wa Novemba hawana mpinzani wa maana. Kitu kinachowanyima usingizi ni mchujo wa ndani ya chama. Sisi tuliokulia kwenye siasa za Bongo hatuhitaji kuelezwa hili mara mbili, kuna majimbo ukishinda kura za maoni za chama, umeshakuwa mbunge, kilichobaki ni kuapishwa.

Sasa angalia 10 Juni 2014. Eric Cantor wa Virginia, kiongozi wa Warepublikan walio wengi barazani, mtu anayengojea uspika, akaangushwa kwenye mchujo na mwalimu wa uchumi wa chuo anaitwa Dave Brat. Fimbo kubwa ya Brat ilikuwa moja: Cantor anataka kuwasamehe waliovunja sheria kuingia. Waliopiga kura siku hiyo ni kama 65,000, jimbo lenye watu zaidi ya laki saba. Kwa hiyo mkuu, maoni yanaendesha kura vizuri sana. Ila ni maoni ya hao 65,000. Asilimia 78 yako ya Gallup ilikuwa nyumbani.

#5 Bi Tausi

@Nyundo ya Mwanza hebu rudi hapa. Cantor alitumia mamilioni ya dola, Brat kama laki mbili za dola tu. Pesa zilikuwa upande gani vile?

#6 Jirani wa Thika

Mzee wa Faili, niaje. Hiyo hadithi ya Cantor kila mtu huisimulia na huwa wanaikata katikati. Siku hiyo hiyo, 10 Juni 2014, South Carolina pia walikuwa na mchujo. Lindsey Graham alikuwa kwenye ballot dhidi ya wapinzani sita. Huyu si mtu aliyeguswa na uhamiaji kwa mbali, alikuwa mmoja wa wale maseneta wanane walioandika muswada wenyewe pamoja na McCain, Rubio, Flake, Schumer, Durbin, Menendez na Bennet. Alishinda bila kwenda raundi ya pili. South Carolina, si California!

Sasa mbona wabunge waliamka asubuhi wakamwona Cantor peke yake? Watu wa jimbo la Cantor walikuwa wamemchoka. Haonekani nyumbani, yuko Washington na matajiri. Brat aliwaambia hivyo mchana kutwa. Uhamiaji ulikuwa tu jina la kubandika kwenye hasira ambayo ilikuwa tayari imeiva.

#7 Mzee wa Faili

Jirani, nakubali Graham alishinda. Lakini mwanasiasa hapimi wastani wa walioanguka na waliosimama. Anamwangalia aliyeanguka. Na muswada ulikuwa umeshalala kabla ya Cantor: Novemba 2013 Boehner alisema wazi hatakaa na Seneti kuzungumzia maandishi yao. Cantor alipigilia msumari tu.

#8 Nyundo ya Mwanza

Nilikuwa kazini jamani, si kila mtu analipwa kusoma Gallup.

Bi Tausi, pesa za kampeni ni kitu kidogo. Nazungumzia pesa za waajiri. Soma sheria ya 1986 yenyewe. Kwa mara ya kwanza ikawa kosa kumwajiri mtu asiye na makaratasi, watu wakapiga makofi, maana ndicho wananchi walichotaka. Halafu ndani yake ikaandikwa mwajiri anatiwa hatiani akiwa ameajiri *huku akijua*. Na kazi yake ni kuangalia tu kama kitambulisho kinaonekana halali. Mimi nimebeba maboksi kwenye maghala ya majimbo mawili, nimeona kadi zilizochapishwa jana jioni zikipokelewa kwa tabasamu. Hiyo sheria iliandikwa kwa ajili ya nani?

Kuna mtaalamu wa siasa, Gary Freeman, aliandika mwaka 1995 kwamba faida za uhamiaji zinamwendea mtu mmoja mmoja anayejijua, mwenye shamba, mwenye hoteli, ndugu anayesubiri familia. Hasara au usumbufu unatawanyika kwa kila mtu kidogo kidogo. Anayepata kingi anajipanga, anayepoteza kidogo ananung'unika tu. Kwa hiyo mbunge anamsikia aliyejipanga.

#9 Bi Tausi

Haya umekuja vizuri. Ila 2013 jumuiya ya wafanyabiashara na shirikisho la vyama vya wafanyakazi walikaa wakakubaliana kabisa kuhusu viza za vibarua, mwezi Machi. Mwajiri na chama cha wafanyakazi wakalala kitanda kimoja! Na muswada ukafa. Pesa naona inaandika vifungu, haiwezi kusukuma mlango.

#10 mama_Columbus

Habari zenu. Nimesoma yote, naomba niweke la kwangu.

Nimekuwa raia hapa Ohio, na nilishawahi kupiga simu ofisi ya mbunge wangu kuhusu muswada wa uhamiaji. Nilijiandaa, nimeandika hoja zangu kwenye karatasi kama ninakwenda mtihani. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu sana. Akaniuliza msimbo wa posta wa ninapoishi, akaniuliza unaunga mkono au unapinga, akasema ahsante. Basi! Karatasi yangu nikaitumia kuandika orodha ya sokoni.

Baadaye nikaja kuelewa kwamba ndivyo kazi inavyofanyika. Wanahesabu. Na wanaopinga hupiga simu zaidi. Mwaka 2007, muswada wa uhamiaji uliobebwa na Rais Bush na Seneta Ted Kennedy, simu zilikuwa nyingi mpaka mitambo ya simu ya Seneti ikalemewa siku ya kura. Vipindi vya redio vya mazungumzo vilikuwa vinawasha moto kutwa. Seneta Trent Lott, Mrepublikan wa Mississippi, alilalamika hadharani kwamba redio ndiyo inaendesha nchi. Kura ilipopigwa 28 Juni 2007 walihitaji 60 kufunga mjadala, wakapata 46.

Kwa hiyo mimi nawaambia: asilimia 78 ni watu wanaosema "ndiyo, sawa tu" halafu wanaendelea kula. Yule wa upande wa pili hawezi kulala, anapiga simu saa mbili asubuhi. Mbunge anamsikia nani?

#11 Uvira-Louisville

Jambo ba ndugu.

Mama Columbus amesema kweli kabisa. Lakini hata sisi wenye hatulale usingizi hatuna kura. Hapa Kentucky batu ya Uvira na Bukavu tuko wengi, kanisani Jumapili unaweza zania uko Kivu. Mkimbizi anangojea miaka mitano tangu siku alifika ndipo aombe uraia. Mwenye hana makaratasi, yeye hata akae miaka 30 hana kura. Mbunge anatupungia mkono, anapiga picha na kwaya, anaenda. Maoni yetu ni ya picha tu.

Kisha niulize: ile marufuku ya Juni 2025 ya kuzuia batu ya inchi fulani kuingia Amerika, mbona wabunge walinyamaza? Rafiki zangu walilia wakisikia Congo imo.

#12 Mzee wa Faili

Uvira, pole na karibu. Ile haikuwa kura ya Kongresi, ni amri ya rais, hakuna mbunge aliyeinua mkono. Na iliyotajwa ni Jamhuri ya Congo, ya Brazzaville. DRC haikuwemo kwenye orodha ya Juni. Burundi ndiyo ilitiwa, kwa vizuizi vya sehemu, na Somalia moja kwa moja.

#13 Uvira-Louisville

Aksanti mzee. Walilia bure basi.

#14 Kasuku Mweusi

Mnajadili kana kwamba maoni ya watu ni mlima, umekaa pale na mbunge anauangalia. Nendeni kwenye swali lingine la Gallup hao hao: je, uhamiaji upunguzwe? Mwaka 2024 asilimia 55 walisema upunguzwe. Mwaka 2025 wakabaki 30. Mwaka mmoja tu! Wamarekani wamebadilishwa ubongo? Hapana. Mpaka ulipokuwa na fujo chini ya Biden walitaka breki, Trump alipoingia na kukaza wakasema inatosha. Maoni ya watu yanakwenda kinyume na aliyeko madarakani.

Sasa kama wewe ni seneta una miaka sita, utapiga kura kwa kufuata kitu kinachogeuka kwa mwaka mmoja? Utafuata chama, maana chama kinakaa. Na wapiga kura wa chama nao wanafuata wakubwa wao. Februari 2024: Seneta James Lankford wa Oklahoma, Mrepublikan wa kutosha, kakaa miezi na maseneta wenzake Chris Murphy na Kyrsten Sinema kutengeneza muswada mkali wa mpaka. Hadi chama cha wafanyakazi wa doria ya mpakani kikaunga mkono. Mwezi huo huo Gallup wanasema uhamiaji ndilo tatizo namba moja wananchi wanalotaja, asilimia 28. Umma unapiga kelele "fanyeni kitu". Trump akasema msiupitishe. Muswada ukatoka Jumapili, Jumatano ukawa maiti, 49 kwa 50. Warepublikan wanne tu walibaki nao.

Niambie hapo nani alimsikiliza mwananchi.

#15 Kinyonga wa Tanga

Kasuku asante, ndicho ninachosema toka mwanzo! Mzee wa Faili jibu hiyo.

#16 Mzee wa Faili

Kasuku na Kinyonga, mnasema jambo lile lile langu kwa maneno mengine. Trump aliweza kuuzima kwa sababu gani? Kwa sababu kila seneta Mrepublikan anajua Trump akimtaja vibaya, mchujo unaofuata ana kazi. Nguvu ya Trump ni wapiga kura wa mchujo waliokusanywa kwa mtu mmoja.

#17 Jirani wa Thika

Wasee, mbona hamtaji kura ambayo maoni yalishinda kabisa? Januari 2025, Laken Riley Act, ile ya kuwashikilia wasio na makaratasi wakishtakiwa hata kwa wizi mdogo. Imeisha uchaguzi tu, Wademokrati wamepigwa, wanaambiwa mmeshindwa kwa sababu ya mpaka. Wademokrati 46 wa Baraza la Wawakilishi wakapiga kura ya ndiyo, na maseneta 12. Ruben Gallego wa Arizona, mtoto wa wahamiaji, ndiyo. Fetterman, ndiyo. 64 kwa 35 Seneti, 263 kwa 156 kule chini, tarehe 29 Trump akasaini. Hawa walisoma matokeo ya Novemba na wakapiga kura kama wananchi walivyowaambia.

Kinyonga, ulitaka ushahidi. Huo hapo.

#18 Kinyonga wa Tanga

Jirani umenibana, lakini ona ilivyo: maoni yakidai ukali, sheria inapita ndani ya mwezi. Yakidai huruma, miaka 40. Basi swali langu linahama, mbona yanasikika kwa sikio moja?

#19 Hakimu Asiye na Kesi

Sikio moja, ndiyo. Kuna utafiti wa David Broockman na Christopher Skovron, ulitoka 2018. Waliwauliza wanasiasa wa ngazi za majimbo: unadhani asilimia ngapi ya watu wako wanataka hiki au kile? Halafu wakalinganisha na maoni halisi ya wananchi wale. Wanasiasa walidhani watu wao ni wahafidhina kuliko walivyo, na Warepublikan ndio walipotoka zaidi. Sababu mojawapo waliyoiona: wahafidhina ndio waliokuwa wakiziandama ofisi zao zaidi. Rudini komenti #10 ya mama_Columbus na simu zake.

Kwa hiyo huenda mbunge anafuata maoni kwa uaminifu kabisa, ila ni maoni ya watu waliomo kichwani mwake.

#20 Kasuku Mweusi

Hakimu, utafiti ule haukuwa wa Kongresi. Mbunge wa Washington ana wapimaji wa kulipwa. Hawezi kudanganywa na simu tatu.

#21 Hakimu Asiye na Kesi

Cantor alikuwa na mpimaji wa kulipwa. Alimwambia anaongoza kwa pointi 34.

#22 Bi Tausi

😂😂😂 Kasuku chukua karanga upoe.

#23 Shamba Boy

Naingia kwa kuchelewa. Wote mmesahau namba 60. Seneti bila kura 60 hufungi mjadala, basi wengi wa nchi na wengi wa Seneti wanaweza kukubaliana na kitu bado kisipite. DREAM Act, muswada wa kuwahalalisha vijana walioletwa Marekani wakiwa watoto, Desemba 2010: imepita Baraza la Wawakilishi 216 kwa 198, imefika Seneti ikapata 55 kwa 41. Umeshinda na umeshindwa. Februari 2018, muswada wa maseneta Rounds na King wa kuwaokoa vijana wa DACA, yaani wale walioletwa utotoni na kupewa kinga ya muda wasifukuzwe, 54 kwa 45. Tena wengi, tena maiti. Msitafute saikolojia ya mbunge kwenye jambo la hesabu.

Na Wyoming yenye watu chini ya laki sita ina maseneta wawili sawa na California.

#24 Mzee wa Faili

Shamba Boy ni kweli, ila ule wa 2010 ulikosa tano, na Wademokrati watano walipiga hapana, akiwemo Tester wa Montana. Hao waliogopa watu wa kwao. Namba 60 imeweka kizingiti, lakini aliyegoma kukivuka ana jina na jimbo.

#25 Nyundo ya Mwanza

Nje ya mada kidogo. Mnaoulilia muswada wa 2013, mnajua ungefuta bahati nasibu ya DV? Zile viza 55,000 za kila mwaka zilizotokana na sheria ya 1990. Nusu ya watu humu walikuja kwa hiyo. Mimi mmojawapo.

#26 mama_Columbus

Nyundo hilo ni kweli, na lilituuma sana watu wa Afrika wakati ule. Wale maseneta wanane waliitoa DV ili wapate nafasi ya mambo mengine. Nani angeitetea? Walioshinda DV bado hawajawa raia, wanaocheza wako Mbagala na Eldoret. Wabunge weusi wa Kongresi ndio waliopiga kelele kidogo.

#27 Jirani wa Thika

Mambo ya Eldoret yameingilia wapi 😅

Na ile kodi ya kutuma pesa nyumbani? Mwaka 2025 muswada ulianza na asilimia 5, ikashuka 3.5, ikatoka 1, tena kwa anayetuma kwa pesa taslimu na hundi za aina hiyo, ukitumia akaunti ya benki au kadi haikugusi. Hapo maoni ya umma yalikuwa wapi? Mwananchi wa kawaida wa Ohio hajui hata kama ilikuwepo. Walioipunguza ni kampuni za kutuma pesa, benki na serikali ya Mexico. Hapo nampa Nyundo haki yake: jambo lisiloangaliwa na umma, mwenye pesa ndiye anayekaa kwenye meza.

#28 Nyundo ya Mwanza

Ahsante. Piga picha hii komenti, mod asije akaifuta.

#29 Pwani Moja

Watanzania wa humu mnawafundisha Wamarekani kusikiliza umma, na uraia pacha kwenu je? Diaspora wameomba miaka mingapi? Wakenya waliuandika kwenye katiba ya 2010 wakamaliza.

#30 Kinyonga wa Tanga

Pwani Moja hiyo ifungulie uzi wake, hapa tutapigana.

#31 Shamba Boy

Turudi. Hakuna aliyetaja California 1994. Pendekezo la 187, kuwanyima wasio na makaratasi shule na huduma. Wananchi wenyewe walipiga kura, kama asilimia 59 wakalipitisha. Gavana Pete Wilson alilipanda hilo farasi akarudi ofisini. Mahakama ikalizuia, na Walatino waliokuwa wamekaa na Green Card miaka yote wakakimbilia uraia na kujiandikisha kupiga kura. Leo Mrepublikan kushinda ugavana pale ni shughuli. Mbunge aliyefuata maoni ya 1994 alikuwa anafuata watu ambao miaka kumi baadaye si wao wanaoamua.

#32 Kasuku Mweusi

Ndiyo, na Warepublikan walilijua hilo. Baada ya Romney, mgombea wao wa urais, kupata asilimia 27 ya kura za Walatino mwaka 2012, chama chenyewe kiliandika ripoti Machi 2013 kikasema ni lazima tukumbatie mageuzi ya uhamiaji. Miaka mitatu baadaye wakamteua Trump, na akashinda. Hesabu yako ya California haikufanya kazi Ohio.

#33 Hakimu Asiye na Kesi

Wapo waliojaribu kufuata maoni ya jimbo lao kwa ujasiri. Mei na Juni 2018, wabunge Warepublikan 23 walisaini hoja ya kumlazimisha Spika Paul Ryan alete miswada ya DACA ipigiwe kura. Ukijumlisha na Wademokrati wote 193 ni saini 216. Zilihitajika 218. Mbili! Walioongoza ni Carlos Curbelo wa Miami, Jeff Denham na David Valadao wa mashamba ya California, majimbo yenye Walatino tele. Hao walisoma vizuri watu wao.

Novemba wote watatu wakapoteza viti.

#34 Mzee wa Faili

Walipoteza kwa sababu ya bima ya afya na upepo wa Trump mwaka ule, Hakimu. Walikuwa wamepiga kura ya kuifuta Obamacare, na Wademokrati waliwafuata na hiyo mpaka siku ya mwisho.

#35 Bi Tausi

Kwa hiyo waliwasikiliza watu kwenye uhamiaji, wakaadhibiwa kwenye afya? Mzee wa Faili, Valadao si alirudi bungeni 2020? Hebu nieleze huyo alirudi kwa maoni gani.